Jei na mwaloni: ndege wa ukoo wa kunguru anayepanda msitu

Kwa mkaazi wa Mji Mkongwe wa Unguja, ukoo wa kunguru ni ndege mmoja tu: yule mweusi mwenye shingo ya kijivu anayeshinda sokoni Darajani akinyakua vichwa vya samaki, akipekua majaa na kuvamia viota vya ndege wadogo. Ndege huyo si wa asili ya visiwa hivi. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, na tangu hapo amezaana kiasi cha kumsukuma pembeni kunguru wa asili, yule mwenye kifua cheupe. Si ajabu basi kwamba wengi wetu tunauhukumu ukoo mzima kwa tabia ya mgeni huyu. Hata hivyo ukoo wenyewe una spishi zaidi ya 120, na baadhi yao hawana haja na soko wala jaa. Wanaishi ndani ya misitu, wanaogopa watu, na kazi yao huko ni kubwa kiasi kwamba iko misitu ambayo isingekuwapo ilipo leo kama si wao. Anayestahili kuelezwa kwa kirefu kati ya hao ni jei, ambaye wanasayansi humwita Garrulus glandarius.

Undugu wake na kunguru si jambo la kubuni. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alipompa jina la kisayansi mwaka 1758 alimweka katika jenasi (kundi dogo ndani ya ukoo) moja na kunguru, na ingawa baadaye alihamishiwa kwenye jenasi yake mwenyewe, amebaki katika ukoo uleule. Kwa sura, hata hivyo, mtu asiyeelezwa hawezi kuwahusisha. Jei ana urefu wa sentimita 34 hivi na uzito wa gramu 140 hadi 190. Mwili wake ni wa hudhurungi inayoelekea waridi, mkia ni mweusi, na juu ya mkia pana weupe unaoonekana pale tu anaporuka. Kutoka pembe za mdomo hushuka mistari miwili minene myeusi, na kwenye kila bawa ana manyoya machache ya buluu yenye michirizi myeusi, ambayo ndiyo pambo lake linalojulikana zaidi.

Anaishi kuanzia Ureno hadi Japani, na katika bara letu anapatikana Moroko, Aljeria na Tunisia tu. Kusini mwa Sahara hakuna jei hata mmoja. Makazi yake ni misitu ya miti yenye majani mapana, hasa miti ya mwaloni, ingawa hukaa pia katika misitu ya misonobari na katika bustani kubwa zenye miti mikongwe. Ni ndege anayesikika kabla ya kuonekana: akimhisi mtu au mnyama mla nyama hupiga ukelele mkali wa kukwaruza, kisha hupotelea ndani ya majani. Anaweza pia kuiga sauti za ndege wengine, wakiwamo bundi na kipanga. Wakati wa kulea makinda hula viwavi kwa wingi, na si jambo la kuficha kwamba hula pia mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa hilo hatofautiani na jamaa yake wa Darajani. Tofauti ni kwamba yeye na ndege anaowala wameishi pamoja katika misitu hiyo kwa maelfu ya miaka, ilhali kunguru wa India aliwakuta ndege wa Unguja hawajapata kuishi naye.

Ili kuelewa kwa nini jei ana umuhimu, inabidi kuanza na tatizo la mti. Mwaloni huzaa kokwa nzito, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia kungumanga na ikiwa imekaa katika kikombe kidogo cha ganda gumu. Kokwa hiyo haina mabawa ya kupeperushwa na upepo, wala haina nyama tamu ya kumvutia mnyama aimeze na kuitoa mbali mbegu ikiwa nzima. Ikiiva huanguka chini ya mama yake, na huko chini hakuna heri: kivuli ni kizito, panya, kulungu na nguruwe mwitu wanaisubiri, na ile inayosalimika juu ya ardhi hukauka au huuawa na baridi, kwa kuwa mbegu ya mwaloni haivumilii kukauka. Mti wa namna hii ungetarajiwa usisogee kabisa.

Lakini ulisogea. Enzi ya barafu ilipoisha, zaidi kidogo ya miaka 11,000 iliyopita, mialoni iliyokuwa imejihifadhi kusini mwa Ulaya ilirudi kaskazini na kufika hadi Scotland. Mwaka 1899 Mwingereza Clement Reid, aliyechunguza mabaki ya mimea ya kale, alipiga hesabu akaona kwamba mwaloni ulihitaji kusafiri takriban maili 600 ili ufike ulipo leo kaskazini mwa Uingereza, na kwamba bila msaada wa nje safari hiyo ingechukua kiasi cha miaka milioni moja. Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe. Tuseme mti unaanza kuzaa ukiwa na miaka 30, na tuseme kwa ukarimu kwamba kila kizazi kinasogea mita 20 kwa kubingirika tu. Katika miaka 10,000 msitu utakuwa umesogea chini ya kilomita 7, yaani pungufu ya mwendo wa kutoka Mji Mkongwe hadi Bububu. Reid mwenyewe alihitimisha kwamba lazima ndege walihusika, na fumbo hilo limebaki na jina lake hadi leo.

Anachokifanya jei kinaonekana vizuri kuanzia Septemba hadi Novemba, miezi ambayo kwetu tunangojea mvua za vuli na huko kaskazini majani yanapukutika. Hupanda juu ya mwaloni, huchuma kokwa moja, huigeuza mdomoni na kuipima. Iliyotobolewa na mdudu huiacha, na mbichi huiacha. Mholanzi Bossema, aliyechapisha utafiti wake juu ya jei na mwaloni mwaka 1979, alionesha kwamba ndege huyu huchagua kokwa zilizoiva na zilizo nzima, na kwamba kati ya hizo hupendelea zenye umbo la kumwezesha kuzimeza bila shida. Zikishachaguliwa huzimeza moja baada ya nyingine, si kwa kuzila bali kwa kuzihifadhi katika koo lake linalotanuka, na mara nyingi ya mwisho, iliyo kubwa kuliko zote, hubaki mdomoni. Kisha huruka, shingo imevimba, akaelekea nje ya kivuli cha msitu.

Anakoelekea ndiko penye maana. Hupenda udongo laini wenye majani mafupi, kingo za msitu, mashamba yaliyoachwa, uwazi ulioachwa na mti ulioanguka, na mara nyingi karibu na kitu kilichosimama wima kama vile shina, kigingi au kichaka, bila shaka kwa sababu alama hiyo humsaidia kupakumbuka mahali. Umbali unaweza kuwa mita makumi kadhaa au mamia, na mara nyingine kilomita kadhaa. Akitua huzitema kokwa, kisha huzifukia moja moja, kila moja katika shimo lake. Hudunga mdomo ardhini, huiingiza kokwa, huigonga kwa mdomo hadi ishuke vizuri, kisha huvuta ukoka, jani au kigoga akapafunika. Akimaliza, mtu anayesimama hatua mbili kutoka hapo hawezi kupatambua. Katika msimu mmoja jei mmoja hufukia kokwa elfu kadhaa.

Mtu angetaka kumfundisha mkulima wa mialoni namna ya kupanda, asingepata mengi ya kuongeza. Mbegu imechaguliwa, imetolewa kivulini, imewekwa katika kina kinachoilinda na ukavu, na imetenganishwa na wenzake, hivi kwamba panya akiipata moja hajazipata zote.

Hapa ndipo panapozuka maelezo mepesi ambayo yameenea mno: kwamba jei hufukia kokwa, kisha husahau alikozifukia, na zile zilizosahaulika huota. Maelezo haya yana chembe ya ukweli, lakini yakiachwa hivyo yanapotosha, kwa sababu yanaufanya msitu mzima uonekane kuwa ni zao la kumbukumbu mbovu, ilhali ukoo wa kunguru unasifika kwa kinyume chake.

Ushahidi mashuhuri zaidi juu ya kumbukumbu hiyo ulitokana na jei wa aina nyingine, anayeishi vichakani magharibi mwa Marekani. Mwaka 1998 watafiti Nicola Clayton na Anthony Dickinson walichapisha jaribio ambamo ndege hao walipewa karanga na funza wa nondo, wakavificha vyakula hivyo sehemu mbalimbali. Funza ndio waliopendwa zaidi, ila huoza. Ndege waliporuhusiwa kufukua baada ya saa 4 walikwenda moja kwa moja kwa funza. Waliporuhusiwa baada ya saa 124, wale waliokuwa wamekwisha kujifunza kwamba funza huharibika waliwapuuza wakaenda kwenye karanga. Maana yake ni kwamba walijua wameficha nini, wapi, na tangu lini. Ndege mwenye uwezo huo hatuwezi kumweleza kwa neno kusahau pekee.

Kwa nini basi kokwa huota? Sababu ziko kadhaa na hufanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba jei hujiwekea ziada. Hajui kipupwe kitakuwa kikali kiasi gani, wala ni kokwa ngapi zitaibwa na panya au na jei wenzake, kwa hiyo hufukia nyingi kuliko anazohitaji. Mwaka wenye mazao mengi na baridi ya wastani huacha akiba kubwa ardhini. Ya pili ni kifo. Jei anayekamatwa na kipanga mwezi wa Januari huacha nyuma yake kokwa ambazo hakuna mwingine anayejua zilipo. Ya tatu ni ugumu wa kufukua ardhi ikiganda. Na kusahau kupo pia, maana hakuna kiumbe anayekumbuka mashimo maelfu bila kukosea.

Sababu ya nne ndiyo inayonivutia kuliko zote, nayo pia aliieleza Bossema. Kokwa ikianza kuota, jei hajaipoteza. Mwanzoni mwa majira ya joto, anapokuwa na makinda ya kulisha, hupita akitafuta miche michanga ya mwaloni, hushika shina la mche kwa mdomo na kuuvuta juu kidogo, hadi zile nusu mbili za mbegu zilizojaa chakula zitokeze juu ya udongo. Huzing'oa, huzila au huwapelekea makinda, na mche huuacha hapo hapo. Kufikia wakati huo mwaloni umekwisha kuteremsha mzizi mrefu na umekwisha kutoa majani ya kujitafutia chakula, hivyo miche mingi huishi baada ya kunyang'anywa akiba yake. Yaani ndege anaweza kuila mbegu yake na mti ukapatikana vilevile. Jei hakupoteza kitu na mwaloni haukupoteza kitu kikubwa, na swali la kama alisahau au hakusahau, kwa mche ule, halina tena uzito.

Upande wa wizi nao una utata wake, na unahitaji uangalifu. Jei huibiana akiba. Mwaka 2001 Nathan Emery na Clayton walionesha kwamba jei wale wa Marekani, wakiwa wameangaliwa na mwenzao wakati wa kuficha, hurudi baadaye peke yao na kuhamisha chakula. Na wanaofanya hivyo ni wale tu waliowahi kuiba wenyewe. Kwa jei wa Ulaya, utafiti wa mwaka 2013 ulieleza kwamba huwa waangalifu na kelele: wakijua kuna mwenzao anayeweza kuwasikia lakini asiyeweza kuwaona, hupunguza kuficha mahali penye changarawe zinazolia. Mwaka huohuo ilichapishwa pia kwamba dume anapomlisha jike wake humchagulia kile ambacho jike hajakinai. Matokeo ya namna hii yalifanya wengi waseme kwamba ndege hawa husoma mawazo ya wenzao. Lakini mwaka 2021 kundi lililomhusisha Clayton mwenyewe lilirudia baadhi ya majaribio ya jei wa Ulaya juu ya kulinda akiba dhidi ya wezi, likapata ushahidi mdogo sana kwamba hufuata anachokiona au anachokitaka mwenzao. Mimi nauona uungwana mkubwa katika mtafiti kurudia kazi yake na kutangaza kwamba haikusimama. Linalobaki imara ni kumbukumbu. Linalobaki wazi ni kiasi gani jei anaelewa yaliyomo kichwani mwa jei mwingine.

Kuhusu msitu, matokeo yanaonekana kwa macho. Huko Monks Wood, mashariki mwa Uingereza, shamba moja liliachwa bila kulimwa mwaka 1961 na jingine mwaka 1996, bila mtu kupanda mti wowote. Yote mawili yamegeuka msitu, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulieleza kwamba sehemu kubwa ya miti hiyo ni mialoni iliyofika kwa jei, pamoja na mchango wa kindi. Vichaka vya miiba viliota mwanzo, vikailinda miche dhidi ya sungura na kulungu. Mjini Stockholm watafiti walipiga hesabu, mwaka 2006, ya gharama ambayo watu wangeingia kama wangefanya kazi ya jei katika hifadhi ya mji huo. Kwa kila jozi moja ya ndege walipata kiasi cha dola 4,900 kama kokwa zingepandwa kwa mkono, na dola 22,500 kama ingetumika miche. Nchini Ujerumani maafisa wa misitu hawakuishia kwenye hesabu: wanapotaka kuingiza mialoni katika mashamba ya misonobari huweka visanduku vya kokwa juu ya miguu ya mbao, panya wasifike, na jei huja kuzichukua na kuzifukia wenyewe.

Mkataba huu una masharti, hata hivyo. Mialoni haizai sawasawa kila mwaka, na ikikosa kuzaa jei huhama kwa makundi; mwaka 1983 walimiminika Uingereza kwa wingi usio wa kawaida kwa sababu hiyo. Na mahali ambapo jei ametoweka, mwaloni hubaki na kindi na panya, ambao huzibeba kokwa mwendo mfupi zaidi.

Msomaji wa Unguja au Pemba atauliza, na ni haki yake, ni nani anayefanya kazi hii kwetu. Jibu ni kwamba kazi ipo, ila mkataba ni wa aina nyingine. Miti mingi ya misitu yetu humlipa mbebaji kwa nyama ya tunda, si kwa mbegu yenyewe. Hondohondo wa msitu wa Jozani humeza tunda na kuitema au kuitoa mbegu mbali na mti. Mitini midogo inayochomoza kwenye nyufa za kuta za Mji Mkongwe ililetwa na ndege waliokula tini, na mbegu ikapita tumboni mwao bila kudhurika. Mbebaji wa namna hii hahitaji kukumbuka kitu, na mti hauhitaji adui yake ashibe kwanza. Anayekaribia tabia ya jei ni buku, ambaye hujaza mbegu mashavuni na kuzipeleka shimoni. Mbegu zinazohifadhiwa chini sana hazioti, lakini katika msitu wa Nyungwe, Rwanda, jamaa yake wa karibu ameonekana akifukia mbegu kubwa moja moja karibu na uso wa ardhi, kama afanyavyo jei, na baadhi yake zikaota.

Kwa Pemba, mbebaji mkubwa ni popo. Popo wa Pemba hapatikani pengine popote duniani. Aliwindwa hadi akakaribia kwisha, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 alikuwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa. Baada ya wanavijiji kuanza kuyalinda malalo yake, kama lile la Kidike, idadi yake ilipanda na kupita 20,000. Hula tini, embe, shelisheli na matunda ya mvule, na popo walao matunda ndio wasambazaji wakuu wa mbegu za mvule katika Afrika. Mtu anayetaka mvule urudi katika shamba lake hawezi kumwekea popo kisanduku kama Mjerumani anavyomwekea jei, maana popo hafukii kitu. Anachoweza kufanya ni kuuacha umesimama mti mmoja mkubwa katikati ya shamba, popo apate pa kutua usiku akila, kisha awe mwangalifu wakati wa kupalilia chini yake.